Mgeni Mwenye Jembe

Mwaka 1994 dunia ilikwenda Marekani kucheza mpira, na sisi wa Karagwe tukapata wageni wa namna nyingine. Kombe la Dunia lilianza kule tarehe 17 Juni. Kwetu, tangu mwishoni mwa Aprili, watu walikuwa wakivuka Mto Kagera kutoka Rwanda usiku na mchana, wengine wakikimbia mauaji, wengine wakilikimbia jeshi la waasi lililokuwa likisonga mbele. Walivuka na magodoro kichwani, na masufuria, na watoto waliokuwa wameacha kulia.

Nilikuwa na miaka 10. Nyumbani kwetu ni upande ambao leo ni Wilaya ya Kyerwa. Wakati ule kote kuliitwa Karagwe, maana Kyerwa imekuwa wilaya mwaka 2012. Kambi ya Rubwera ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Ukisimama juu ya kilima chetu asubuhi uliona moshi umelala juu ya maturubai kama ukungu, na kila wiki miti ilizidi kupungua.

Tata, yaani baba, alikuwa na redio ya betri nne aliyokuwa akiianika juani ili betri zipate nguvu ya siku mbili zaidi. Jioni wanaume walikuja kuisikiliza. Habari za Kombe la Dunia na habari za Rwanda zilisomwa na sauti ile ile, moja baada ya nyingine. Fainali ya Brazili na Italia ilichezwa Pasadena, kwetu ikiwa saa nne na nusu usiku, na asubuhi kaka yangu alinisimulia penalti ya Roberto Baggio kana kwamba aliiona ikipaa kwa macho yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kuona televisheni. Mpira kwetu ulikuwa kitu cha kusikia redioni, na kitu cha wanaume ishirini hivi kukimbizana Jumapili kwenye kiwanja cha shule, chenye kichuguu upande mmoja na mteremko upande mwingine. Watazamaji hawakuzidi wachezaji.

Mwanzoni mwa 1995 mama alitafuta kibarua wa kupalilia migomba. Wakimbizi wengi walitoka kambini kutafuta vibarua, kwa kuwa mahindi ya msaada hayakutosha na watu walikuwa wamezoea kula ndizi, viazi na maharage kama sisi. Akaja kijana mmoja mrefu, mkimya, miguu imepinda kidogo. Mama akampa chakula, akamwonyesha shamba, akampa jembe. Kiswahili kina methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakusubiri siku ya tatu. Alilima mpaka jua likalegea, akachukua mkungu wake wa ndizi na bakuli la maharage, akaondoka. Tulimwita Omugenyi, yaani mgeni, kwa lugha yetu ya Kinyambo. Jina lake la nyumbani tulilijua, ila hakuna aliyelitumia.

Siku aliyoingia uwanjani ilikuwa Jumapili. Alikuwa anatoka kwa mama, jembe begani, akapita kando ya kiwanja wakati kaka na wenzake wanacheza. Mpira ukatoka ukiwa juu juu. Bila kushusha jembe aliupokea kifuani, ukateleza hadi kwenye paja, ukatua mguuni ukanyamaza. Mpaka leo sijapata neno zuri zaidi ya hilo: ulinyamaza. Wanaume wote walisimama. Akaurudisha kwa pasi ya chini iliyomfikia kaka mguuni, hakuhitaji kusogea hata hatua moja. Halafu akaegemeza jembe kwenye nguzo ya goli, nguzo ya mkaratusi, akauliza kwa Kinyarwanda kama anaweza kucheza. Kwao mpira ni umupira, kwetu ni omupira. Hatukuhitaji mkalimani.

Wengine walisema aliwahi kuchezea timu kubwa kwao. Mwenyewe hakusema, na sisi hatukumuuliza. Siku hizo ulijifunza kutomwuliza mtu wa kambini alikuwa nani jana.

Jumapili iliyofuata watu walikuwa mia moja. Ya tatu sikuweza kuwahesabu. Wanawake walikuja na mahindi ya kuchoma, karanga, ndizi mbivu. Wazee walikuja na viti vyao na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi. Wavulana walipanda juu ya kichuguu, wakagombana nani akae kileleni. Na mama yangu, ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajakanyaga kiwanja kile ila kwa mikutano ya wazazi, alikuja amevaa kitenge cha kanisani. Nilimwuliza amefuata nini. Akanijibu, “Nimekuja kumwona kibarua wangu.” Omugenyi alipofunga bao la kwanza, mama aliinuka akapiga kigelegele, kisha akaketi upesi na kujifunika uso kwa khanga, akicheka.

Nayaeleza haya kirefu kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kwa mara ya kwanza kitu ambacho baadaye nilikiona Dar es Salaam, na baadaye zaidi nikasikia kwamba kiko Marekani pia. Mtu mmoja mwenye kipaji, akitoka mbali, anaweza kufanya katika wiki tatu kile ambacho wenyeji hawajakifanya kwa miaka kumi. Kiwanja kilikuwepo, mpira ulikuwepo, Jumapili zilikuwepo. Kilichokosekana ni sababu ya mama kutoka nyumbani.

Lakini kijiji cha pili hakikukubali kufungwa kila wiki. Nao wakaenda kambini, wakarudi na wageni wawili. Kijiji cha tatu kikaleta wanne. Ilipofika kiangazi cha 1995, kwenye mashindano ya kugombea mbuzi, timu zilikuwa zimejaa vijana wa kambini wanaolipwa kwa ndizi na sukari guru, na vijana wetu wamekaa kwenye nyasi. Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa winga wa kulia tangu ana miaka 15. Sasa alikuwa anashika koti la Omugenyi. Hakumchukia, ila aliacha kusimulia mpira nyumbani, na mama akaliona hilo kabla ya sisi wote.

Wazee wa vijiji vile walikaa chini ya mti, wakanywa, wakaongea nusu siku, wakaamua kwamba kila timu ichezeshe wageni wawili tu kwa wakati mmoja. Leo nikisoma kwamba Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania linaziruhusu klabu za Ligi Kuu kusajili wachezaji 12 wa kigeni, na nikisikia watu wakibishana kama idadi hiyo ni kubwa mno au ni ndogo, huwa nawakumbuka wale wazee. Hawakuwa na kanuni iliyoandikwa. Walikuwa wamewaona watoto wao wakiwa wamekaa kwenye nyasi.

Kaka akarudi uwanjani. Na Omugenyi, siku ambazo zamu si yake, akaanza kukaa na sisi watoto.

Kiwanja chetu, kama nilivyosema, kilikuwa na mteremko. Mpira ukitoka upande huo ulibingirika mpaka bondeni, karibu na kisima, na kazi ya kuufuata ilikuwa ya wasichana, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa tunapita hapo na ndoo. Nikiukuta niliurusha juu kwa mikono. Siku moja akasimama ukingoni, akanikataza. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokota, “Usirushe. Piga.” Nikapiga, ukaenda kwenye migomba. Akashuka, akanionyesha mahali pa mguu panapogusa mpira, si kidole, ni pale juu penye mfupa. Akanionyesha mguu mwingine uwekwe wapi, na kwamba macho yabaki chini hata baada ya kupiga. Nilikuwa napiga mpira kupandisha mlima, na kupandisha mlima hakuna bahati: usipougusa sawasawa unarudi miguuni kwako. Nadhani ilinichukua mwezi. Siku mpira wangu ulipofika kiwanjani bila kugusa ardhi, aliushika kwa mikono, akauinua juu kama padri anavyoinua hostia, wavulana wote wakaona.

Alitutengenezea mipira pia. Sisi tulijua ya majani makavu ya migomba, ambayo hulowa mvua moja ikaoza. Yeye alileta gunia tupu la msaada, lile la nailoni nyeupe, akakaa chini ya mwembe akalifumua uzi mmoja mmoja, taratibu, akizivingirisha nyuzi kwenye kijiti. Ndani aliweka matambara yaliyokazwa, juu yake mfuko wa plastiki, kisha akasuka nyuzi zile kulizunguka tonge lote kwa fundo dogo dogo, kama mtu anayesuka wavu wa samaki. Kazi ya alasiri mbili. Mpira ule ulidunda kidogo, na ulivuka masika mazima. Alimfundisha kila mtoto aliyetaka kusuka. Mimi nilitaka.

Tarehe 5 Desemba 1996 serikali yetu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Ilikuwa majira ya senene. Niliwaona wakipita barabarani siku baada ya siku, askari pembeni, mistari isiyokatika, magodoro kichwani tena. Wengine walijaribu kukimbilia upande mwingine wakarudishwa. Omugenyi hakuja kuaga. Asubuhi moja mama alilikuta jembe lake limesimamishwa nyuma ya nyumba, limeoshwa, mpini umefutwa udongo. Hatujasikia habari zake tena.

Januari 1997 Jumapili zikawa zile za zamani. Wauza mahindi waliacha kuja baada ya wiki mbili, wazee wakarudisha viti nyumbani. Mama hakuja kiwanjani tena mpaka nilipoanza kucheza mimi. Lakini jioni, watoto tulikuwa pale. Hatukuwa tunamngoja mtu. Tulikuwa na mipira saba ya nyuzi za gunia, na tulijua kutengeneza ya nane.

Mengine niliyaona nikiwa mtu mzima. Nilisomea ualimu, nikapangiwa kazi, nikarudi Kyerwa. Mpira wa Tanzania nao ulikuwa umeingia katika majira ya wageni. Simba walimleta Emmanuel Okwi kutoka Uganda, jirani zetu hapo ng'ambo ya Murongo, na tarehe 6 Mei 2012 alifunga mawili Simba walipowapiga Yanga 5-0. Katika mechi ile ile alifunga pia Patrick Mafisango, mzaliwa wa Kongo aliyeichezea Rwanda. Siku 11 baadaye Mafisango alikufa kwa ajali ya gari Dar es Salaam, na hapa kwetu, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka huko, niliona wanaume wakilia kijiweni kama waliofiwa na mtoto wa nyumbani. Sitakubali anayesema mapenzi ya namna hiyo ni ya bandia.

Kisha wakaja wengine. Meddie Kagere, mzaliwa wa Uganda aliyeichezea Rwanda, alitua Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia, akafunga mabao 23 msimu wake wa kwanza na 22 uliofuata. Kila akifunga alifunika jicho moja kwa kiganja. Wiki zile nilikuwa nikiingia darasa la nne, mtoto akipata jibu la hesabu, anafunika jicho. Fiston Mayele akaja Yanga kutoka Kongo mwaka 2021 na staili yake ya kutetema. Nimeona bibi harusi akitetema, na mwenyekiti wa kijiji akitetema mbele ya wananchi wake baada ya kumaliza kusoma mapato na matumizi. Mwaka 2023 Yanga wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Mayele akamaliza mashindano yale na mabao 7. Vibanda umiza viliota kando ya barabara ya Omurushaka hadi Murongo kama uyoga. Dishi juu ya bati, mabenchi ya mbao, kiingilio mlangoni. Mwaka 2021 Azam Media walisaini kuonyesha ligi kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6, na pesa hiyo haikuja kwa sababu ya mapenzi ya nyasi. Ilikuja kwa sababu watu wanataka kuwaona hawa.

Nirudi nyuma kidogo. Tarehe 19 Mei 2018 nilikuwa mjini Kayanga, na kaka akanichukua tukaangalie mechi kibandani. Siku hizi ananunua kahawa, ana tumbo kidogo, na ni Simba wa kufa na kupona. Simba walikuwa wameshatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Rais John Magufuli alikuwa uwanjani kukabidhi kombe. Kibanda chote kilikuwa chekundu. Wapinzani walikuwa Kagera Sugar, timu ya mkoa wetu, ambayo uwanja wake ni Kaitaba pale Bukoba. Mechi ikaenda sare mpaka karibu na mwisho, ndipo Edward Christopher akawafungia Kagera. Simba wakapata penalti. Okwi akauweka mpira. Golini alisimama Juma Kaseja, aliyekuwa nguzo ya Simba kwa miaka mingi. Kaseja akaizuia.

Kibanda kilikaa kimya. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, kofia ya pama magotini, alipiga makofi matatu, akaona yuko peke yake, akaacha.

Kaka akaniambia, “Mdogo wangu, wametuharibia sherehe.”

“Wametuharibia nani, kaka? Walioshinda si ndio sisi?”

Aliniangalia muda mrefu. Huyu ndiye aliyekuwa ameshika koti la Omugenyi kwenye nyasi za 1995. Hakunijibu, na sikumsukuma. Tulipotoka nje alininunulia ndizi ya kuchoma, akasema tu, “Kaseja alicheza vizuri.”

Simlaumu kaka, na simlaumu Okwi, ambaye alifanya kazi yake na kuifanya vizuri kuliko wengi. Ninachosema ni kwamba hamu inayoletwa na nyota ina mwenyewe. Ni ya nyota. Akihama, inahama naye. Akicheza dhidi ya watoto wako, inakuondoa kwa watoto wako. Kagera Sugar walipokuwa Ligi Kuu, Kaitaba ilijaa Simba au Yanga wakija, na Hiace za kutoka kwetu siku hizo zilipandisha nauli. Wiki iliyofuata, timu nyingine ikija, kondakta aliita abiria mpaka sauti ikakauka.

Mwaka juzi mvulana wa darasa la tano alikuja shuleni Jumamosi amevaa jezi ya pinki ya Inter Miami, namba 10, Messi, aliyonunuliwa mtumbani Nkwenda. Ikawa ndiyo jezi inayotazamwa kuliko zote. Akaniuliza, “Mwalimu, Miami ni mkoa gani?” Nikamwambia ni mji ulioko jimbo la Florida, Marekani. Akafikiri, akauliza, “Kwa hiyo siku hizi Wamarekani nao wanapenda mpira?”

Swali hilo nilikaa nalo wiki nzima, kwa sababu ni swali la kijiji chetu. Marekani wameshapokea Omugenyi wao mara kadhaa. Mwaka 1975 New York Cosmos walimleta Pelé. Kabla yake mpira wa miguu kule ulikuwa wa watu wachache. Agosti 1977, katika miezi yake ya mwisho, watu 77,691 waliingia uwanja mmoja New Jersey kuitazama Cosmos. Oktoba mwaka huo akaagwa. Ligi ya Cosmos ilicheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984, ikafa. Wauza mahindi waliondoka. Kilichobaki ni watoto, wavulana kwa wasichana, waliokuwa wameshaanza kucheza mashuleni na kwenye viwanja vya mitaa, na hawakuacha. Tarehe 10 Julai 1999 wanawake wa Marekani walicheza fainali ya Kombe la Dunia na China kwenye uwanja ule ule wa Pasadena ambao kaka alinisimulia. Waliolipa kuingia walikuwa 90,185. Hakukuwa na mgeni mashuhuri aliyewavuta. Waliwafuata mabinti zao wenyewe. Kati ya habari zote za mpira wa Marekani, hiyo ndiyo ninayoipenda.

Ligi yao mpya ilianza 1996, mwaka tulioachiwa jembe nyuma ya nyumba. David Beckham akaja 2007, na ni yeye aliyegeuka kuwa mmiliki mwenza wa Inter Miami. Julai 2023 Messi akajiunga na timu iliyokuwa mkiani, na katika mechi yake ya kwanza, dhidi ya Cruz Azul, akafunga kwa mpira wa adhabu dakika za nyongeza. Aprili 2024 Miami walipokwenda Kansas City, wenyeji walihama uwanja wao usiofika watu 20,000, wakachezea uwanja mkubwa wa mji ule. Wakaingia watu 72,610. Nilipoziona picha zake nilitafuta rangi. Pinki ilikuwa imetapakaa majukwaani, katika mji wa wenyeji. Nikakumbuka kibanda chetu cha Kayanga, na yule mzee na makofi yake matatu.

Mvulana wangu nikamjibu darasani, kwa kumsimulia habari za mtu mwingine kabisa. Tarehe 6 Agosti 2023 Messi na Miami walicheza ugenini na FC Dallas. Messi akafunga mapema. Dallas wakasawazisha, na dakika ya 45 winga wao kijana akawafungia la pili. Jina lake Bernard Kamungo. Amezaliwa Kasulu, mkoa jirani wa Kigoma, kwa wazazi waliokimbia Kongo, akakulia kambi ya Nyarugusu akicheza na mipira ya kujitengenezea. Familia ilihamishiwa Abilene, Texas, mwaka 2016, akiwa na miaka 14. Alionekana kwenye majaribio ya wazi, yale ambayo kijana yeyote anaweza kwenda kujaribu bahati yake. Mechi iliisha 4-4 na Miami wakapita kwa penalti, lakini Januari iliyofuata Kamungo alichezea timu ya taifa ya Marekani. Macho yaliyoletwa na Messi usiku ule yalimkuta mtoto wa Nyarugusu amesimama pale, tayari. Aliyemweka tayari si Messi.

Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kambini walitengenezaje mipira.

Shule yetu ina wanafunzi zaidi ya 800 na mipira miwili, mmoja ukiwa na kidonda ambacho fundi viatu ameshakishona mara tatu. Ukifika wakati wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, tunaazima jezi. Nimezungumza na wazazi mikutanoni, nikawaambia hela ya kiingilio cha kibandani kwa Jumapili moja tu, tukiichanga, ni mipira sita. Wengine wamechanga. Wengi wameniambia, kwa heshima, “Mwalimu, tutaona.” Nitaendelea kuwaambia. Siwaombi waache kuwapenda nyota wa kigeni kama Aziz Ki au Chama. Nawaomba Jumapili moja kwa mwezi waje kiwanjani wakae kwenye nyasi, mtoto amwone mzazi wake yuko pale kwa ajili yake. Najua kigelegele kimoja cha mama kinavyokaa masikioni kwa miaka 30.

Swali la yule msichana nikalijibu kwa kuomba gunia tupu kwa muuza mbolea. Tulikaa chini ya mti wiki hiyo, mimi na watoto kumi na wawili, tukafumua nyuzi. Vidole vyangu vilikumbuka kabla ya kichwa. Yule mvulana wa jezi ya pinki alikuwa na haraka, akikaza fundo linakatika, anaanza upya. Msichana wa nyuma, aliyeuliza, alikuwa na mkono mtulivu. Wake ndio uliokamilika wa kwanza, mdogo, mzito upande mmoja.

Wakaucheza hapo hapo. Shule hii nayo iko kilimani, kama nyingi za kwetu, na haikuchukua muda mpira ukatoka ukabingirika kwenye mteremko hadi kwenye mahindi. Msichana akashuka kuufuata. Nilimwona akiokota, akirudisha mikono nyuma ya kichwa.

“Usirushe,” nikamwita. “Piga.”

Akauweka chini. Akapiga kwa kidole, ukapanda nusu ya mlima, ukasita, ukarudi miguuni kwake. Akaniangalia. Nikavua viatu, nikaanza kushuka.